Je, Yafaa Shule ya Kikristo Kuwakumbuka Wafu Wake?



Liko swali linalowasumbua watu katika sharika zetu, nalo ni hili: shule ikiweka siku ya kuyasoma majina ya walimu na wanafunzi wake waliokufa, je, yafanya neno la Kikristo, au yarudisha tambiko kwa jina jipya? Wako wasemao, Waacheni wafu, kazi yetu ni kwa walio hai. Wako na wengine wasemao kwamba shule isiyowajua wafu wake ni kama mtoto asiyemjua aliyemlea. Pande zote mbili zina jambo la haki, nasi yatupasa kulipima.

Kwanza tuwasikilize wale waogopao, kwa maana woga wao si wa bure. Katika nchi hii ya Katavi, karibu na ziwa lenye jina hilo, uko mkwaju ambao watu huweka sadaka chini yake kwa ajili ya pepo aitwaye Katabi, na kwa jina lake hifadhi ya wanyama imeitwa hivyo. Aendaye pale huenda kwa kuwa ana haja. Atoa kitu apate baraka. Basi mtu aliyeizoea njia ile, akisikia majina ya wafu yakisomwa kanisani, moyo wake waweza kuifuata tena.

Lakini itazameni tofauti. Yule aendaye mkwajuni ataka kupokea. Sisi twakiri kwamba tumekwisha kupokea. Mwalimu aliyetufundisha herufi alitupa kipawa chake alipokuwa hai, na leo hatumwombi neno lo lote. Twamshukuru Mungu aliyemleta. Baba zetu wa imani walilijua jambo hili. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika fungu la 21, lafundisha kwamba yafaa kuwakumbuka watakatifu ili tuifuate imani yao, kila mtu katika wito wake, bali kuwaita watusaidie hakuna ruhusa. Tena mwaka 1816 Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia aliamuru Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio iwe ya kuwakumbuka waliokufa, nayo yashikwa katika sharika nyingi za Ujerumani hata leo. Basi kukumbuka si kosa. Limebaki swali la pili: tumkumbuke nani, na kwa namna gani?

Huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, liko jina ambalo hata sisi tusio wa Kanisa Katoliki twalitaja kwa heshima, yaani Adrien Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, katika nchi iitwayo leo Mali. Aliibwa angali mtoto, akauzwa, akakombolewa na Mapadre Weupe, akapelekwa Malta kusomea uganga. Alifika Karema mwaka 1889, akawa mganga na katekista, akakaa huko hata kufa kwake mwaka 1956. Habari zake zimeandikwa, na ni haki ziandikwe. Lakini siku ile alipouzwa, hakuwa na tofauti na watoto wengine waliouzwa. Na wale wengine, ni nani ajuaye majina yao? Tena yale maji ya kuoshea vidonda vya wagonjwa, yalitekwa na nani?

Dunia humkumbuka mtu aliyeonekana. Kanisa likifanya vivyo hivyo, limeifuata dunia. Mungu hamjui mganga zaidi ya amjuavyo mtekaji wa maji. Kwa hiyo daftari la shule lisiandikwe walimu wakuu peke yao. Aandikwe na mpishi, na mlinzi, na mtoto aliyekufa kwa homa kabla ya kumaliza darasa la pili. Wazee walisema, Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha.

Kisha wako wafu wasio na kaburi lijulikanalo. Mwaka 1972, huko Burundi, maasi ya Wahutu yalianza mwezi wa Aprili, na Watutsi wengi waliuawa. Ndipo watu wa serikali walipowaua Wahutu kwa makumi ya maelfu, hasa waliosoma: walimu, makarani, na wanafunzi waliotolewa shuleni mwao. Wengi waliokimbia walipokelewa huku kwetu, Katumba na Mishamo. Mtu wa namna hiyo akiyataja majina ya wenzake wa dawati moja, je, afanya tambiko? Hasha! Amkatalia muuaji, kwa maana yule alitaka kumwondoa mtu hata asikumbukwe.

Lakini papo hapo pana hatari, kwa kuwa majina ya wafu yaweza kuwa kuni za chuki. Kipimo ni hiki: je, katika orodha yangu yumo na mtu wa upande wa pili aliyekufa bila hatia? Kama hayumo, sijawakumbuka wafu. Nimehesabu deni tu, nami nangoja siku ya kulidai.

Neno la mwisho ni juu ya kweli. Desturi yasema marehemu hasemwi vibaya. Ni adabu njema, lakini adabu isigeuke kuwa uongo. Mwalimu aliyepiga kupita kiasi tusimwite mpole, maana wanafunzi wake wangali hai, na migongo yao yajua. Tutaje mema aliyoyatenda kweli, hata yakiwa machache, na hukumu tumwachie Mungu. Sisi tufundishao kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema, twaogopa nini hata tuwapambe wafu kwa sifa zisizo zao?

Basi, ninyi makatekista na walimu, nunueni daftari. Waulizeni wazee wangali hai, mwandike jina la kila mmoja, na kazi yake, na mwaka wake kama wajulikana. Yasomeni mara moja kwa mwaka, bila sadaka na bila maombi kwa wafu, kisha mwombeeni mwalimu aliye darasani leo. Naye ataandikwa humo siku moja.