Dhahabu ya Mke Si Mali ya Mume

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu Waislamu, maradhi ya Korona yaliingia Kenya mwezi wa Machi 2020. Mwezi wa Aprili zikafungwa Mombasa, Kwale na Kilifi. Na tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, ukafungwa Mji wa Kale. Kazi zikasita, na waume wengi wakakaa nyumbani mikono mitupu. Hata hivyo futari ilipikwa. Je, ilitoka wapi? Wako wake waliotoa akiba zao, kisha fedha za kuuza mahamri, kisha bangili na mikufu ya mahari yao. Na skuli zilipofungwa, wao ndio walioshinda na watoto, na wao ndio waliouguza wagonjwa.

Miji ilifunguliwa na kazi zikarudi, lakini wako waume ambao hawajazitaja bangili zile hata siku moja. Wakiulizwa husema: mali yetu ni moja. Neno hili ni tamu mdomoni, wala si sharia.

Katika Sura ya Nisaa Mwenyezi Mungu amebainisha kuwa wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Na maulamaa wetu wa Kishafi wameyapima masurufu ya mke kila siku: tajiri vibaba viwili, wa kati kibaba na nusu, na fakiri kibaba kimoja. Hata fakiri hakusamehewa. Mume asipoyatoa huwa deni juu yake, japo kadhi hajahukumu. Na dhahabu aliyoikopa kwa mkewe ni deni kama deni la dukani.

Huenda mtu akasema: Bibi Khadija alitoa mali yake wala hakudai. Ni kweli, alitoa kwa radhi yake. Na Mtume hakumsahau hata baada ya kufa kwake, akichinja mbuzi na kuwapelekea rafiki zake nyama. Na Bibi Zainab, mke wa Ibn Masuud, alipouliza juu ya kumpa mumewe mali yake, alijibiwa kuwa ana thawabu mbili, ya ujamaa na ya sadaka. Basi mtu hutoaje sadaka ya kitu kisichokuwa chake?

Jambo hili halifai kuahirishwa. Mume akifa na watoto wapo, mke hupewa thumuni. Deni hulipwa kabla ya mirathi. Lakini deni lisilotajwa wala kuandikwa nani atalijua? Warithi watagawana bangili zake naye akitazama.

Kwa hiyo yatupasa kila mume akae na mkewe, wahesabu, na waandike, kama tulivyoamrishwa katika Sura ya Baqara. Aliye na dhiki apewe muhula. Na mke akisamehe, iwe kwa radhi ya moyo, si kwa haya wala kwa kuogopa talaka.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kutimiza haki kabla ya siku isiyolipwa deni kwa dhahabu. Amin.