Aliye Juu Mngoje Chini

Jumapili moja baada ya ibada, tukiwa bado uani tunasalimiana, kijana mmoja wa mtaa wetu alituonyesha katika simu yake mashindano ya kukwea. Tuliona vijana wa mataifa mbalimbali wakipanda ukuta mrefu wenye vishikio vya rangi, mmoja mmoja, kila mmoja amefungwa kamba kiunoni. Sisi watu wa Lushoto tulicheka. Tulisema, kama kupanda kunatolewa medali, akina mama wanaopanda njia za Mlalo na Mtae na kuni kichwani wangekuwa na sanduku zima.

Lakini bibi mmoja, aliyetazama kwa makini kuliko sisi sote, akauliza: "Mjukuu wangu, na huyo aliye chini anayeshika kamba, yeye anapewa nini?"

Kijana akajibu, "Hapewi kitu, Bibi. Hata jina lake halitajwi."

Bibi akasema, "Basi huyo ndiye ninayemtazama mimi."

Neno hilo tulikwenda nalo nyumbani, na limetusumbua hata tukaona tuwaandikie, ndugu wasomaji. Maana sisi tunayo methali yetu kuhusu mtu aliye juu na mtu aliye chini, na kila mmoja wetu ameitumia: Aliye juu mngoje chini. Swali letu ni hili: je, tunamngoja kwa nia gani?

Kwanza tueleze mchezo wenyewe. Mashindano haya huendeshwa na Shirikisho la Kimataifa lililoundwa mwaka 2007, na kila mwaka kuna msimu wa mashindano ambao wakweaji husafiri toka mji hadi mji, Ulaya, Asia na Marekani. Mwaka 2021, katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyokuwa imeahirishwa kwa mwaka mmoja, mchezo huu uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Afrika iliwakilishwa na vijana wawili wa Afrika Kusini, Christopher Cosser na Erin Sterkenburg. Ziko aina tatu za kukwea. Ya kwanza ni ya kasi: wawili hupanda bega kwa bega ukuta wa meta 15, naye atakayefika juu kwanza ndiye mshindi. Ya pili ni ya ukuta mfupi, bila kamba, na chini huwekwa magodoro. Ya tatu ni ya ukuta mrefu kwa kamba, nayo ndiyo aliyoitazama Bibi.

Katika aina hii ya tatu mkweaji hupewa dakika 6. Ukuta hutengenezwa kwa makusudi uwe mgumu zaidi kadiri mtu anavyopanda, hata karibu wote huanguka kabla ya kufika mwisho. Hapimwi kwa kuanguka au kutoanguka. Hupimwa kwa kishikio cha juu alichokifikia. Aliye chini humshikia kamba, akiilegeza anapopanda na kuikaza anapoanguka. Tena mshika kamba huyu si wa timu yake. Huwekwa na waandaaji, naye humshikia Mjapani na Mfaransa kwa mikono ile ile.

Sasa tuirudie methali yetu. Wazee waliyoitunga walikuwa na busara. Walitaka kumwonya mwenye kiburi kwamba cheo ni dhamana, na kuwatuliza wanyonge wasipigane na mwenye nguvu kabla ya wakati wake. Hilo hatulipingi. Lakini methali ni kama panga: hulimia na huumizia. Wengi wetu siku hizi hatuitumii kwa ajili ya mwenye kiburi tu. Twaitumia kwa yeyote aliyepanda.

Nasi tukiri la kwetu. Miaka kadhaa iliyopita jirani yetu mmoja, mtu wa bidii, alinunua lori la kupeleka kabichi na viazi Dar es Salaam. Hakutudhulumu. Tena mara nyingi alitubebea mizigo yetu bila kudai nauli. Hata hivyo tulipokaa jioni tulisema, "Haya, aliye juu mngoje chini." Siku lori lile lilipopinduka katika kona za barabara ya kuteremkia Mombo, yeye akapona lakini mali ikapotea, tulikwenda kumpa pole. Tulikaa kwake, tulikunywa chai yake. Na moyoni mlikuwa na kitu ambacho hakikuwa huzuni. Hatukumwangusha sisi. Lakini tulikuwa tumemngoja.

Mtu atasema: hiyo ni hali ya ulimwengu, maana mmoja hawezi kushinda bila mwingine kushindwa. Hoja hii ina nguvu, na haifai kuipita upesi. Hebu tutazame yaliyotokea Tokyo tarehe 5 Agosti 2021, katika fainali ya wanaume.

Siku ile aina zote tatu zilihesabiwa pamoja. Nafasi aliyopata mtu katika kila aina ilizidishwa kwa nyingine, na mwenye hesabu ndogo ndiye aliyeshinda. Adam Ondra wa Jamhuri ya Cheki, ambaye wengi humhesabu kuwa miongoni mwa wakweaji bora kabisa waliopata kuwako, alikuwa wa 4 katika kasi na wa 6 katika ukuta mfupi. Katika ukuta mrefu alipanda kuliko wote waliomtangulia, kisha akaanguka karibu na mwisho. Akabaki Jakob Schubert wa Austria. Kama Schubert angepita alipoishia kijana wa Hispania, Alberto Ginés López, lakini akaanguka kabla ya alipofika Ondra, basi Ondra angekuwa na hesabu ya 24, Ginés 28, na dhahabu ingekwenda Cheki. Schubert hakuanguka. Alifika juu kabisa, peke yake kati ya wote. Ondra akawa wa pili katika ukuta ule, hesabu yake ikawa 48, akateremka hadi nafasi ya 6. Ginés, mwenye miaka 18, akapata dhahabu. Naye Schubert aliyefika juu alipata shaba.

Fikirini, ndugu, mtu aliye katika hali ya Ondra. Hesabu ilimtaka atamani mwenzake apande sana, lakini asifike. Dhahabu ya mtu mmoja ilining'inia katika kuanguka kwa mwingine. Basi hatuwezi kujidanganya kwa maneno mepesi, tukisema, "Tamani kushinda, ila usitamani mwenzako ashindwe." Katika ukuta ule mambo hayo mawili yalikuwa karibu jambo moja. Ndivyo ilivyo pia hapa kwetu nafasi ya kazi inapokuwa moja na waombaji wakawa ishirini.

Wako waliofikiri kwamba dawa ni kuondoa mashindano yenyewe. Mwaka 1985 wakweaji 19 wa Ufaransa walitia sahihi tamko la kupinga mashindano ya kukwea. Waliona kwamba mlima si uwanja wa kupimana, na kwamba anayepanda hushindana na nafsi yake tu. Mwaka huo huo mashindano makubwa yalifanyika Bardonecchia, Italia, na baadhi ya waliotia sahihi baadaye walishindana. Hatuwacheki. Tunasema tu kwamba kuyaondoa mashindano hakuuondoi moyo. Jirani yetu mwenye lori hakuwa akishindana na mtu, hata hivyo tulimngoja.

Basi tufanyeje? Mchezo wenyewe unatuonyesha mambo mawili.

Jambo la kwanza hutokea kabla ya mtu yeyote kupanda. Wakweaji wa fainali hutolewa pamoja mahali walipofungiwa, nao hupewa dakika chache kuutazama ukuta ambao hawajapata kuuona. Kisha hurudishwa, wasije wakaona jinsi wenzao wanavyopanda. Katika dakika hizo chache utawaona wamesimama wawili watatu, mikono hewani, wakionyeshana: hapa ushike kwa mkono wa kushoto, pale uweke mguu. Ni hao hao watakaoshindana baada ya saa moja. Hakuna anayewalazimisha. Wanajua kwamba ukuta ni mgumu kwao wote, na kwamba ushindi wa mtu aliyenyimwa habari na wenzake hauna ladha. Je, sisi twafanya hivyo? Mkulima akipata mbegu nzuri ya viazi, humwambia jirani, au hungoja kwanza auze yeye? Mtoto wetu akielewa hesabu, twamtuma amweleze mwana wa jirani, au twamwambia afunike daftari?

Jambo la pili ni mshika kamba. Yeye naye anamngoja aliye juu. Amesimama chini, shingo imepinda, macho hayabanduki. Tazameni, basi: wako wawili wanaomngoja chini aliye juu, nao wamesimama mahali pamoja. Mmoja anangoja aone anguko. Mwingine anangoja ili anguko lisiwe mauti. Kwa mbali huwezi kuwatofautisha. Tofauti yao iko mikononi.

Katika mkoa wetu wa Tanga tunaye ndugu wa namna hii. Mwaka 1888 Mjerumani Hans Meyer alipita katika milima yetu ya Usambara pamoja na Oscar Baumann, kisha wakakamatwa na watu wa Abushiri na kukombolewa kwa fedha. Mwaka uliofuata Meyer alirudi, na tarehe 6 Oktoba 1889 yeye na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo. Majina yao yamo vitabuni. Lakini katika kambi ya juu, penye baridi ambayo mtu wa pwani hajapata kuiota, alibaki mtu mmoja akiwangoja, Mwini Amani wa Pangani. Wao walipokwenda kileleni, yeye alikaa. Hatusemi kwamba safari ile ilikuwa ya haki kwa wenyeji, maana ilikuwa sehemu ya kutawaliwa kwetu. Twasema tu kwamba wale waliokwenda juu walihitaji mtu wa kuwangoja chini kwa uaminifu, na mtu huyo alikuwa mwenzetu.

Hata katika mchezo wa leo kamba huhitajika pasipo na ukuta. Mkweaji mwepesi hupanda kwa wepesi, kwa hiyo wako vijana waliojinyima chakula hata wakaharibu miili yao. Mwaka 2023 madaktari wawili wa kamati ya tiba ya Shirikisho walijiuzulu, wakiona kwamba hatua zilizochukuliwa hazitoshi. Mwaka 2024 Shirikisho likaweka kanuni mpya ya kupima afya za wakweaji. Madaktari wale walikuwa wakishika kamba kwa namna yao. Walimwona mtu aliye juu, anayeshangiliwa, nao wakaona kwamba anaanguka.

Basi, ndugu, jibu letu kwa lile swali gumu la Tokyo ni hili, wala hatudai kwamba ni jibu kamili. Moyo hauamrishwi kama mtoto. Aliyengoja dhahabu maisha yake yote, tusimhukumu kwa wazo lililopita kifuani mwake wakati mwenzake yuko juu. Lakini mkono huamrishwa. Haki ya jirani yetu kwetu si kwamba tusione wivu kamwe. Haki yake ni kwamba, hata tukiona wivu, mkono wetu usiiachie kamba. Tumwonyeshe njia tunayoijua. Tusimsengenye. Akianguka, awe na mahali pa kuning'inia mpaka apate pumzi. Na sisi tumeona, kwa aibu yetu wenyewe, kwamba mkono ukizoea kushika, moyo nao hujifunza polepole. Baada ya ajali ile tulichanga kidogo kidogo jirani yetu aanze upya. Tulichanga kwa uzito, na wa kwanza kutoa alikuwa yule aliyecheka zaidi. Leo lori lake jingine likipita, twasikia furaha kidogo, kwa sababu msumari mmoja wa lori lile ni wetu.

Mtu anayesimama Irente na kutazama chini uwanda wa Mazinde hahitaji kufundishwa maana ya kuanguka. Sisi tumezaliwa ukingoni. Watoto wetu wanapanda: huyu kachaguliwa sekondari, yule kafungua duka, mwingine kaenda mjini. Methali haitabadilika, nayo ni ya kweli, maana kila aliye juu iko siku atateremka, kwa miguu au kwa kuanguka. Tumngoje chini, basi. Ila tutazame mikononi mwetu mna nini.

Jumapili iliyofuata tulimwuliza Bibi kwa nini alimtazama mshika kamba. Alitushangaa kana kwamba tumeuliza jambo la kitoto. "Nimezaa watoto saba," alisema. "Mnadhani nilikuwa natazama wapi miaka yote?"