Mizani ya Jirani

Sisi tunaofasiri tuna maneno yanayotunyima usingizi. Kwangu ni mawili: ujamaa na jumuiya. Yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kukusanya. Nayo historia, kana kwamba husoma kamusi, ikayakutanisha mwaka mmoja: Februari 1967 Azimio la Arusha likatangazwa, Juni mwaka huo huo Kenya, Uganda na Tanzania zikatia saini mjini Kampala mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Miaka kumi baadaye Jumuiya ikafa, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Nani aliiua, wengine wamekwisha kuandika. Mimi nasumbuliwa na swali jingine: je, mtu aliyekusanywa kwa nguvu aweza tena kukusanyika kwa hiari?

Naandika kutoka Nkoma, iliyokuwa Bariadi na sasa i katika Itilima, ambako swali hili lina vumbi na pamba. Nilikuwa na umri wa miaka mitano Operesheni Vijiji ilipotufikia mwaka 1974. Nakumbuka paa la nyumba ya bibi likiwa chini na kuta zingali zimesimama; akili ya mtoto haikuweza kulipanga jambo hilo. Tukapelekwa kando ya barabara, tukapangwa pamoja na watu ambao hatukuwachagua, wala wao hawakutuchagua. Tukaambiwa kwamba tangu siku ile sisi ni ndugu. Sitakuwa mwizi wa fadhila: palikuwa na shule, na hapo nilipata herufi ambazo kwazo nimejisomesha mengine yote. Lakini bibi hakuwaita watu wale majirani. Aliwaita "wale wa mstari".

Kinachosahaulika ni kwamba Wasukuma hawakungoja kufundishwa ushirika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba walipochoka kupunjwa na wanunuzi, waliweka wapimaji wao wenyewe wasimame kando ya mizani. Kutokana na uchungu ule vikaota vyama vya wakulima, Paul Bomani akiwa mbele yao, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano mkubwa wa vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa. Hawakuwa watu waliopendana kupita wengine. Walikubaliana juu ya ratili tu. Baadaye ukaingia wizi ndani ya vyama, sikatai. Hata hivyo dawa iliyotolewa mwaka 1976 ilikuwa kuvifuta vyama vikuu kwa amri, mpaka sheria ya 1982 ilipovirudisha. Kwa hiyo ushirika wa nyumbani ulizikwa kwanza, na ule wa majirani ukafuata mwaka uliofuata.

Siku zile sisi tuliwaita Wakenya manyang'au, mtu kumla mtu. Nao wakajibu kwamba kwetu mtu hana cha kula. Kila mmoja aliufanya upungufu wa jirani kuwa kioo cha kutazamia uzuri wake. Mpaka ulifunguliwa 1983, mali za Jumuiya zikagawanywa 1984, na mwaka 1999, ujamaa ukiwa umekwisha kulegezwa, ukatiwa saini mkataba mpya. Leo nchi wanachama ni nane, Somalia ikiwa ya mwisho kuingia, mwaka 2024.

Lakini mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vilichomwa moto Namanga, kwa hoja ya kuzuia maradhi. Machi 2021 Kenya ikayazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, ikalegeza baada ya siku chache. Julai 2025 Tanzania ikawapiga marufuku wageni katika orodha ya biashara ndogondogo, na Wakenya wakalalamika. Wapo wanaosema huu ni ubinafsi uliokuja na soko huria. Mimi naona ni mazoea ya zamani zaidi. Tulijifunza kwamba kuwa pamoja ni jambo linaloamuliwa juu. Basi na kutengana nako huamuliwa juu, asubuhi moja, na mwenye vifaranga hana mpimaji wake kando ya mizani.

Rafiki yangu mmoja wa Unguja hunipinga. Husema bila amri hakuna kinachoanza, na kwamba ningengoja hiari ningengoja mpaka kiama. (Ninyi wa visiwani mmeishi na swali hili tangu 1964, sitawafundisha.) Nami nina ushahidi unaomsaidia yeye, siwezi kuuficha. Bibi alipofariki mwaka 1988, kabla hatujamtuma mtu popote, wale wa mstari walikuwa wamekwisha kufika na majembe. Walichimba mpaka adhuhuri. Mjomba wangu aliwapelekea maji, na alipoulizwa na mgeni kutoka mjini hao ni akina nani, alisita kidogo, akasema: "Hao ni wetu, wa mstari."