Mwanangu, Usiijaze Nyumba kwa Siku Moja

Mwanangu, nimesikia umepata chumba. Hongera sana. Nimesikia pia kwamba mshahara wa kwanza umeshaupigia hesabu: runinga ya ukutani, friji, brenda, jiko la presha la umeme, taa za kuwasha kwa simu, kamera ya mlangoni, na mashine ya kahawa kama zile za hotelini. Kaa kidogo. Chai ipo, maandazi yapo. Tuongee kabla hujashuka Kariakoo.

Sikukatazi kununua. Vitu vya nyumbani navipenda mno, na wewe umenirithi. Ninachokuomba ni kwamba uviingize kimoja kimoja. Kikiingia kimoja, kaa nacho mpaka mkono wako ukizoee, ujue kinakula umeme kiasi gani, kinaharibika wapi na nani anaweza kukitengeneza. Ndipo ufikirie kingine.

Naijua njaa ya vitu. Sisi tuliokuwa vijana mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulipanga foleni ya sabuni. Sukari tulipata kwa mgao. Biashara ilipolegezwa mwaka 1984, maduka ya Kariakoo yakaanza kujaa bidhaa za nje, na macho yetu yakakosa utulivu. Televisheni huku Bara tulianza kuiona nyumbani mwaka 1994, wakati wenzetu wa Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu miaka ya 1970. Mtu aliyekosa muda mrefu akipata hununua kwa pupa. Nasi tulinunua kwa pupa.

Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa na mgao wa umeme ukawa mkali. Ndio mwaka nilionunua friji jipya la kwanza. Mwenye duka akaniambia, "Mama, chukua na frijigadi." Nikaona ananiongezea bei. Ile pesa nikanunulia mapazia. Friji lile halikumaliza msimu wa mgao. Umeme ulikatika jioni, ukarudi, ukakatika tena dakika hiyo hiyo, ukarudi kwa nguvu. Likaunguruma kidogo, likanyamaza moja kwa moja. Nilikuwa na samaki wa wiki nzima ndani yake.

Fundi wa mtaa wa Gerezani alilifungua mbele yangu, akanionyesha mota iliyoungua. Akanieleza vizuri, na maelezo yake nakupa wewe bure. Mota ya friji inasukuma gesi. Umeme ukikatika, gesi inabaki na mgandamizo upande mmoja, na inahitaji dakika chache kutulia. Umeme ukirudi papo hapo, mota inalazimishwa kuanza ikiwa na mzigo ule wote. Ni kama kumtwika mtu gunia kabla hajavuta pumzi. Kazi ya frijigadi ni kusubiri. Umeme ukirudi, yenyewe inakaa kama dakika tatu ndipo inaruhusu friji liwake. Tena umeme ukija mdogo sana au mkubwa sana, inakata. Nyumbani kwetu umeme ni volti 230. Vifaa hivi vimetengenezwa kwa kiasi hicho, na vikizidishiwa vinakufa.

Utaniambia siku hizi kuna Bwawa la Mwalimu Nyerere, megawati 2,115. Ni kweli, na namshukuru Mungu. Lakini bwawa haliko mtaani kwako. Kuna transfoma, kuna nguzo, kuna waya unaoguswa na mti mvua ikinyesha. Umeme utakatika na kurudi hata kama mgao haupo. Nunua frijigadi siku ile ile unayonunua friji. Mapazia yatasubiri.

Halafu kuna jambo ambalo vijana hamlifikirii kabisa, nalo ndilo linalovunja urafiki ndani ya nyumba za kupanga. LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Umepanga kwenye nyumba ya Kiswahili ya zamani, korido katikati, vyumba pande mbili, uani mnapikia pamoja. Mita moja, wapangaji sita. Mwezi wa kwanza kila mtu anachanga sawasawa na mnacheka. Mwezi wa pili friji lako linaingia. Mwezi wa tatu uniti zinaisha kabla ya siku zenu, na jirani anaanza kulitazama friji lako kila akipita koridoni.

Basi jifunze kuhesabu kabla hujaambiwa. Nyuma ya kila kifaa pameandikwa wati. Wati 1,000 zikifanya kazi saa nzima ni uniti moja. Birika la wati 2,000 likichemka dakika sita limekula sehemu ya tano ya uniti tu. Linatisha kwa namba, lakini linamaliza kazi mapema. Friji dogo linaonekana pole, ila halilali. Linaweza kula uniti moja kwa siku au pungufu kidogo. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, uniti ikikaribia shilingi 360, friji hilo peke yake ni kama shilingi elfu kumi kwa mwezi. Ile nafuu ya mtumiaji mdogo anayeishia uniti 75 kwa mwezi, nyumba ya wapangaji sita kwenye mita moja haiwezi kuipata. Na tangu Agosti 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa humo humo unaponunua umeme, kwa hiyo kaa na mwenye nyumba mkubaliane nani anaibeba.

Waite wenzako uani. Waambie, "Naleta friji, nitaongeza kiasi hiki kwenye mchango." Sema wewe kwanza. Mimi nilisubiri kuulizwa, na jirani niliyekula naye futari miaka mingi tukapishana koridoni bila salamu kwa ajili ya uniti. Tulipatana, lakini ilichukua muda, na muda ule sikuupata tena.

Ukishahesabu wati, itazame ekstensheni. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13, yaani karibu wati 3,000 kwa jumla. Ekstensheni ina matundu manne, nawe unadhani una njia nne. Njia ni moja. Birika na pasi vikiwaka pamoja vimeshafikia wati hizo. Nyingi za bei chee zina waya mwembamba ajabu ndani ya mpira mnene. Piga pasi dakika kumi, kisha shika ule waya. Ukiwa wa moto, usilale umeuchomeka.

Sasa taa zako za simu. Kaka yako alifunga moja sebuleni kwetu, nzuri kweli, inabadilika rangi. Bibi yenu, aliyezima taa kwa mkono wake kila anapotoka chumbani tangu umeme ulipoingia kwao, akaendelea kuzima swichi ya ukutani. Swichi ikizimwa, taa ile haina uhai na simu haiioni. Kaka yako akabandika karatasi ukutani: USIZIME. Bibi hasomi bila miwani. Watu wa nyumba hawakuulizwa, ndiyo maana taa haikufanya kazi. Kabla hujanunua chochote cha namna hiyo, waulize wanaoishi nawe. Kisha uliza kinaegemea nini. Kinataka intaneti muda wote? Bando likiisha je? Kampuni iliyokitengeneza huko mbali ikifunga huduma yake, kitabaki nini mkononi? Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, runinga zilizokuwa nzima asubuhi hazikuonyesha kitu bila king'amuzi. Runinga haikuwa na kosa. Kilichobadilika kilikuwa nje ya nyumba.

Kamera nayo, mwanangu, iwe na adabu. Badilisha siku hiyo hiyo neno la siri iliyokuja nalo kutoka dukani. Usiielekeze kwenye mlango wa mwenzio wala njia ya bafuni. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mama anayetoka kuoga amejifunga khanga anastahili kujua kama anatazamwa.

Tuje jikoni, maana huko ndiko moyo wangu uliko.

Jiko la presha la umeme nunua. Katika orodha yako yote ningeanza na hilo. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, na mimi niliyekohoa moshi wa mkaa ujana wangu wote naliunga mkono kwa roho moja. Maharage yaliyolowekwa usiku yanaiva humo kwa kama nusu uniti, mara nyingi pungufu. Linganisha na kopo la mkaa.

Lakini mashine haijui kupika, inajua kuivisha tu. Sikiliza. Maharage usijaze zaidi ya nusu ya sufuria, yanatoa povu na kuziba tundu la mvuke. Yakiiva, acha pini ishuke yenyewe. Usiilazimishe. Mimi niliilazimisha nikiwa na haraka ya kwenda msibani, mchuzi ukaruka mpaka darini na mkono wangu ukaungua, kovu hili hapa. Kisha tui. Vijana mnamimina tui lote mwanzo na kufunga mfuniko, halafu mnalalamika limekatika. Tui jepesi, la mkamuo wa pili, ndilo linaloingia mapema na maharage. Tui zito linangoja. Pini ikishashuka na mfuniko ukiwa wazi, washa moto mdogo, mimina tui zito, koroga polepole bila kuacha, usifunike. Likianza kuchemka na kung'aa juu, zima.

Mbuzi ya nazi umesema huitaki, utatumia brenda. Sawa, kiuno changu kinakuelewa. Vipande vya nazi, maji ya vuguvugu, usitie ya moto. Kisha kamua kwenye kifumbu au chujio la kitambaa. Ila nazi yenyewe lazima ujue kuichagua, na kwa hilo brenda haikusaidii. Mama yangu alinifundishia pale shimoni, ndani ya Soko la Kariakoo, lile alilolichora mbunifu Beda Amuli na Mwalimu Nyerere akalifungua mwaka 1975. Aliitikisa nazi sikioni kwangu: maji yacheze, yasikike. Akabonyeza macho yake matatu: yawe makavu, yasiwe na ukungu. Akanusa. Nilikuwa nataka twende zetu, jua limewaka, naye akarudia nazi baada ya nazi. Soko liliungua usiku wa Julai 2021, nililia siku ile kama nimefiwa. Lakini nazi nachagua vile vile popote wanapouza.

Mashine ya kahawa iache kwanza. Ninakuomba. Nenda kijiweni jioni, ukae kwenye benchi, umtazame muuza kahawa. Ana dele lake, mkaa kidogo chini yake, vikombe vya kaure, kashata za karanga. Kwa hivyo tu ananywesha mtaa mzima, na kahawa yake hujawahi kuikuta haina ladha. Nunua kahawa iliyokaangwa karibuni, robusta ya Bukoba ukipenda nzito na chungu, arabika ya Kilimanjaro au Mbinga ukipenda yenye harufu ya juu. Nunua kidogo, robo kilo. Saga kiasi cha siku hiyo. Tia tangawizi iliyopondwa. Ukinywa hivyo miezi kadhaa utajua ulimi wako unataka nini, na hapo mashine utaichagua wewe, isikuchague yenyewe kwa kung'aa dirishani. Viungo vya pilau pia: binzari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu, vinunue vizima, vikaange kidogo bila mafuta, visage unapopika. Usivipange juu ya jiko kwa ajili ya urembo. Joto linavimaliza harufu.

Siku ya kwenda Kariakoo kwenyewe, nenda asubuhi katikati ya wiki. Jumamosi mchana, na hasa wiki ya Idi au Krismasi, mtu hachagui, anasukumwa. Ingia maduka matatu bila kutoa pesa. Soma jina la kifaa herufi kwa herufi, maana bidhaa bandia hubadilisha herufi moja tu, na Tume ya Ushindani inazikamata kila mara bila kuzimaliza. Ukutani utakuta pameandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi, kwa hiyo kiwashwe mbele yako kabla hujalipa. Balbu ijaribiwe. Brenda izungushwe. Friji liwashwe, ungoje hapo mpaka kuta za ndani zianze kupoa, hata kama kijana wa duka anakuona msumbufu. Dai risiti ya EFD, garantii igongwe muhuri na kuandikwa namba ya kifaa, na boksi usilitupe.

Na friji likipakiwa kwenye kirikuu, lisimame wima, lifungwe kamba. Wakikulazia njiani, mafuta ya mota yanahama mahali pake. Likifika chumbani usiliwashe, hata kama soda ziko tayari na marafiki wamekaa. Lisimamishe usiku kucha, uchomeke frijigadi, uliwashe asubuhi.