Alama na Mtoto

Matokeo ya Kidato cha Nne yatangazwapo, nyumba nyingi za Bukoba na Muleba hunyamaza kana kwamba pana msiba. Kahawa iliuzwa ili karo ilipwe, naye kijana ameleta Daraja la Nne. Majirani huuliza, mama hujificha.

Ndugu wasomaji, je, kipimo hicho ni cha haki? Kupima hatuna budi: nafasi hazitoshi wote, na mgonjwa ana haki ya kutibiwa na daktari aliyeyajua masomo yake. Lakini tuangalie kinachopimwa. Mwenye alama 44 hupewa D, mwenye 45 hupewa C. Na Kidato cha Tano chadai C tatu. Basi alama moja yaweza kumfungia mmoja mlango na kumfungulia mwenzake. Karatasi yashuhudia alichoandika siku ile, wala haishuhudii zaidi.

Yohane Maria Vianney aliondolewa seminarini Lyon kwa ajili ya Kilatini. Mwaka 1815 akapadirishwa. (Mvivu asijifiche nyuma yake; mtakatifu huyu hakuwa mvivu.) Aliyemwokoa ni Padre Balley wa Écully, aliyemfundisha na kumtetea, kwa kuwa alimjua.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza wanafunzi bora na shule bora. Vijijini sisi twaendelea kuwatangaza, na walioshindwa pia.

Baba aliyeuza kahawa amemjua mtoto huyo tangu kuzaliwa. Amwite leo, kabla ya sala ya jioni, wazungumze: kurudia mtihani, au chuo cha ufundi?