Vitanda Kwanza

Kuna ziwa huko Nepal, Gosaikunda, mita 4,380 hivi juu ya usawa wa bahari. Wahindu husimulia kwamba Shiva, koo lake likiungua kwa sumu aliyoinywa kuuokoa ulimwengu, alichoma mkuki wake wa ncha tatu mlimani, maji yakabubujika. Kila Agosti hivi, mwezi ukiwa mpevu, mahujaji hupanda kwenda kuoga humo. Maji ya baridi hiyo, mimi sijui kama ningethubutu.

Mwenye miguu mepesi hujidanganya kwamba kutoka mji wa Dhunche hadi ziwani ni mwendo wa siku mbili tu. Anayepanga kwa akili haanzi na miguu; anaanza na vitanda. Leo nalala wapi, na kesho nitalala juu zaidi kwa kiasi gani? Ukivuka mita 3,000, ushauri wa kitabibu ni usiongeze kimo cha kulala kwa zaidi ya mita 500 kati ya usiku na usiku, ili mwili uzoee hewa nyepesi. Basi unafika Chandanbari, kijiji kilicho njiani, mchana, jua lingalipo, miguu inawasha kuendelea, nawe unavua viatu. Unaagiza chai. Kichwa kikikugonga na chakula kikikukinaisha, hupandi. Hali ikizidi unashuka, hata kama ni usiku wa manane, na ziwa liko nyuma ya kilima kimoja tu.