Kiyasi cha Nyama na Maziwa

Imekuwa desturi siku hizi, mtu akisoma khabari ya utafiti mmoja huwahukumu walimwengu wote kwa huo. Mmoja atatwambia kuwa nyama ni sumu. Mwengine atacheka na kusema: Watazameni Wasomali wa Garissa, tangu jadi wala nyama na kunywa maziwa ya ngamia wala hawakudhurika. Sisi twaona wote wawili wameruka mpaka.

Hoja ya wa kwanza ina uzito. Mwaka 2015 idara ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliitia nyama ya viwandani, kama soseji, katika vitu viletavyo saratani. Na mwaka 2019 wataalamu wa Oxford, waliowafuatia Waingereza zaidi ya 48,000 kwa miaka 18, walieleza kuwa wasiokula nyama wala samaki walipungukiwa na maradhi ya mishipa ya moyo kwa asilimia 22. Lakini ni hao hao waliopatwa na kiharusi zaidi kwa asilimia 20! Nusu hii ya pili aghalabu husahauliwa.

Ama mwenzake naye anao ushahidi. Mwaka 1962 jarida la Shirika hilo hilo lilichapisha uchunguzi wa wafugaji wa ngamia wa Somalia walioishi kwa maziwa matupu, na mafuta ya damu yao hayakuwa mengi. Lakini hao walikuwa wakitembea juani nyuma ya wanyama wao. Mtu wa Mombasa akaaye dukani kutwa, chai yake imejaa sukari, akiwashika hao kuwa hoja yake, hicho ndicho wanavyuoni wa fiqhi wakiitacho kiyasi chenye tofauti: kulinganisha mambo mawili ilhali sababu zao si moja. Hata Garissa kwenyewe, aliyehamia mjini akashika wali na baasto si yule tena wa malishoni.

Kosa la upande wa pili ni zito zaidi, kwani hapo pana roho za watu. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hata 2022, mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa katika Kenya, na Garissa, Wajir na Mandera ni katika zilizoumia sana. Mtoto wa huko hakukondeshwa na nyama. Alikondeshwa na kukauka kwa maziwa. Maziwa humpa vitamini B12, ambayo mboga hazina. Kandokando ya Mto Tana huota ndizi na maembe, ni kweli. Lakini mto ni mmoja na nchi ni pana. Kumwambia mama yake aache vya mifugo ni kumpa dawa ya ugonjwa wa mtu mwengine.

Basi atakaye kupunguza nyama kwa shauri la tabibu na apunguze, wala asimharimishie mwenziwe. Na akumbuke kuwa ng'ombe watokao soko la Garissa huchinjwa hapa kwetu pwani, na fedha tunazowanunulia ndizo zinunuazo unga kwa wale wafugaji.